Umemfukuza kijana wa manunuzi, deni ni la nani?

Mkuu, umesema ulimfukuza kijana wako wa manunuzi, na sasa wauzaji wawili wa Ukerewe wanakudai dagaa aliochukua baada ya kufukuzwa. Wengi wamekushauri usilipe. Nakuomba usiwafuate kabla hujajua jambo moja: hao wauzaji walikuwa na habari kwamba si kijana wako tena?

Yalinikuta hayo hayo. Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kijana wangu alikuwa akichukua mali visiwani kwa mkopo, nami nalipa mbalamwezi ikifika, mitumbwi ikipumzika. Tulikwenda hivyo miaka mitatu. Nikaja kugundua anapandisha bei ya kila gunia na tofauti anaiweka mfukoni, nikamwondoa. Sikumwambia mtu, niliona ni aibu. Mbalamwezi iliyofuata mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, magunia yangu kumi na manne vipi?" Nikamjibu yule kijana si wangu tena. Akaniuliza kwa upole, "Uliniambia lini?"

Sikuwa na jibu. Sheria nayo ilikuwa upande wake. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kumwondoa wakala, yaani mtu anayekununulia kwa niaba yako kama kijana huyo, hakumhusu mtu wa nje mpaka apate habari. Hatukuwa na karatasi yoyote, lakini uwakala wa kununua dagaa hauhitaji karatasi. Miaka mitatu ya kulipa bila kubisha ndiyo iliyomfanya mama aamini kwamba anachochukua kijana nimechukua mimi. Nililipa yote. Hata ungekuwa umempangia asizidishe magunia kumi, hayo ni yenu wawili, muuzaji asiyeyajua hayamfungi.

Ila muuzaji ambaye hujawahi kufanya naye biashara, aliyemwamini kijana kwa maneno ya kijana mwenyewe tu, hana pa kukushikia. Wakala hajipi mamlaka. Na aliyejua umemfukuza, akampa mali hivyo hivyo, amdai kijana mwenyewe.

Kijana mdai ulicholipa, pamoja na ile faida aliyojichukulia kwa siri, maana wakala anatakiwa kutoa hesabu kwa mwenye mali. Mimi nimerudishiwa nusu mpaka sasa.

Leo leo wapigie wauzaji wako wote, kisha watumie na meseji ili ushahidi ubaki. Halafu tuambie: hao wawili, ulishawahi kuwalipa mali aliyochukua kijana huyo?