Mchoro wa ukoo na magonjwa ya kurithi: maswali yenu

Nimetakiwa nichore mti wa ukoo kabla ya kumwona mtaalamu wa magonjwa ya kurithi. Nianzie wapi?

Anza na mgonjwa aliyeleta swali, umwekee mshale. Mwanamume huchorwa mraba, mwanamke duara. Mstari wa mlalo huunganisha wazazi, na unaoshuka hupeleka kwa watoto, mkubwa akiwa kushoto. Mwenye ugonjwa hujazwa rangi. Aliyefariki hukatwa kwa mstari wa mshazari. Wazazi ambao ni ndugu wa damu huunganishwa kwa mistari miwili. Vizazi vitatu vinatosha kuanzia.

Kosa kubwa ni kuandika wagonjwa peke yao. Mgonjwa mmoja kati ya ndugu kumi hasemi jambo lile lile na mgonjwa mmoja kati ya wawili, kwa hiyo wazima nao waingie wote. Ulizia pia mimba zilizoharibika na watoto waliofariki wachanga. Waulize wazee kwa upole, mmoja mmoja, maana misiba ya namna hiyo mara nyingi ilizikwa kimya kimya.

Mtoto wetu ana selimundu. Mimi na mume wangu ni wazima. Mama mkwe anasema kwao ugonjwa huo haujawahi kuonekana, basi nimeuleta mimi. Ni kweli?

Si kweli, dada yangu, na pole kwa maneno hayo juu ya uchungu ulio nao. Ili mtoto augue selimundu ni lazima apokee jeni (chembe ya urithi) yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Aliye na moja tu huitwa mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Jeni hiyo inaweza kushuka kutoka kwa babu hadi mjukuu hadi kitukuu bila yeyote kuijua, mpaka siku mbebaji anapooana na mbebaji mwenzake. Ualbino nao hurithiwa hivyo. Katika mchoro utaona vizazi vitupu juu, kisha rangi inatokea ghafla kwa watoto wa wazazi wazima.

Wewe na mumeo kila mmoja ajazwe rangi nusu. Kipimo cha damu cha kutambua aina za himoglobini, kile kinachobeba oksijeni katika damu, kitathibitisha. Na majibu hayo ayapeleke mumeo mwenyewe kwa mama yake. Mzigo huu usiubebe peke yako.

Tumeambiwa uwezekano wa mtoto wetu kuugua selimundu ni mmoja kati ya wanne. Wa kwanza anaumwa. Watatu wanaofuata watakuwa salama?

Hapana. Kila mimba ina hesabu yake, na ile iliyotangulia haiipunguzii wala kuiongezea kitu.

Kaka yangu ana selimundu, mimi sina. Kuna uwezekano gani kwamba ni mbebaji?

Mbili ya tatu. Wengi hujibu nusu. Wazazi wenu wote wawili wakiwa wabebaji, njia za kurithi ni nne: moja ya kuugua, mbili za kuwa mbebaji, moja ya kutokuwa na jeni hiyo kabisa. Kwa kuwa wewe huumwi, ya kuugua inaondoka, zinabaki tatu. Pima kabla ya kuanza kuzaa, na mwenzi wako apime pia.

Wajomba zangu wawili, ndugu wa mama, wana himofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Kwa nini wanaume tu? Mimi ni mjamzito.

Jeni yake iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Mwanamume ana X moja, hivyo ikiwa na kasoro hana ya kumkinga. Mwanamke ana mbili. Baba humpa mwanawe wa kiume kromosomu Y badala ya X, kwa hiyo himofilia haitoki kwa baba kwenda kwa mwana, ila binti wote wa baba mwenye himofilia huwa wabebaji.

Ukoo wa Malkia Victoria wa Uingereza unaonyesha jambo hili waziwazi. Mwanawe Leopold aliugua, akafariki mwaka 1884 baada ya kuanguka. Binti za Victoria, Alice na Beatrice, walikuwa wabebaji, na kupitia binti wa Alice ugonjwa ulifika Urusi kwa mrithi wa kiti cha enzi, Alexei, aliyezaliwa mwaka 1904. Mwaka 2009 uchunguzi wa mabaki ya familia ya Alexei ulionyesha kwamba ilikuwa aina iitwayo himofilia B.

Kwako: bibi yako ni mbebaji, mama yako ana uwezekano wa nusu, wewe robo. Mwambie daktari sasa hivi, usingoje uchungu uanze. Baadhi ya wabebaji nao hutoka damu nyingi, na mtoto wa kiume huhitaji uangalifu wakati wa kuzaliwa.

Babu, shangazi, na sasa baba wamepata ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole. Nina miaka 26 na siumwi. Nimeuepuka?

Bado haijulikani. Hapa jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kuleta ugonjwa, hivyo uwezekano wako ulikuwa nusu tangu ulipozaliwa. Dalili mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50, na ndiyo sababu kila alama kwenye mchoro wenu iandikwe umri: mraba mweupe wa kijana wa miaka 26 hauna uzito wa mraba mweupe wa mzee wa miaka 80.

Kipimo kipo, lakini tiba ya kuuondoa ugonjwa huu haipo. Zungumza kwanza na mshauri wa magonjwa ya kurithi. Kupima au kutopima ni uamuzi wako, na hakuna ndugu mwenye haki ya kukulazimisha.