Ndege wavumaji hawaji? Anza na kumwaga hiyo asali

Dada, umesema umetundika chombo cha kulishia ndege wavumaji (hummingbird, wale wadogo wanaofyonza maji matamu ya maua) bustanini kwako Houston, Texas, ukatia asali na rangi nyekundu, na wiki tatu sasa hakuna aliyekuja. Nakuelewa. Nilipohamia huku nami nilianza na asali, nikidhani ndiyo bora kwao. Imwage leo: asali ikichanganywa na maji huota kuvu upesi, na kuvu hiyo inaweza kuwaua.

Chukua sukari nyeupe ya kawaida kikombe 1 na maji vikombe 4, koroga mpaka iyeyuke. Rangi usitie kabisa. Wekundu wa chombo chenyewe unatosha. Kwa joto la Texas badilisha kila baada ya siku 2 na usugue chombo kwa maji ya moto, hata kama hawajanywa tone. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kitundike kivulini.

Dawa ya wadudu acha kunyunyiza, maana hawa hula pia vidudu vidogo, kama chozi wa kwetu. Agosti na Septemba hupita wengi wakielekea kusini.

Ukimkuta aliyejeruhiwa usimfuge, sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama inakataza. Mpigie mtunza wanyamapori mwenye leseni.