Kugeuka kwenye salsa: anzia miguuni, usingoje mkono

Dada yangu wa Tanga, umeuliza kwa nini kila mwenzako akikugeuza unapotea hatua na kuyumba, na kama dawa ni kuongeza kasi. Kasi haitasaidia. Nacheza salsa, dansi ya watu wawili, hapa Bagamoyo na nimewaelekeza wengi, na karibu wote waliokuwa wakiyumba walikuwa wanangoja mkono uwazungushe. Mkono wa mwenzako unakupa taarifa tu. Kinachokuzungusha ni miguu yako mwenyewe.

Chukua mgeuko wa kulia, ule wa mwanzo kabisa. Hesabu ni nane lakini unakanyaga sita: moja, mbili, tatu, nne unatulia, tano, sita, saba, nane unatulia. Kama mnaanzia kwenye moja, wewe unayefuata (unayeongozwa) unarudi nyuma kwa mguu wa kulia. Baada ya tatu mwenzako anakuinulia mkono. Kwenye tano mguu wako wa kushoto unakwenda mbele, na hapo ndipo penye kazi yote: uzito wote uhamie mguu huo, kisigino kiinuke kidogo, ugeuke nusu juu ya sehemu ya mbele ya unyayo. Sita, mguu wa kulia unapokea uzito na kumalizia nusu iliyobaki. Saba, wa kushoto unafunga na mmeshatazamana tena. Ukiacha uzito katikati ya miguu miwili hugeuki, unajisokota, na goti ndilo linaloumia. Waliopitia ngoma pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, nawaona wanashika haraka, maana goti lao limezoea kulegea na kiuno hawakikazi.

Halafu sikiliza tumba, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa mikono. Mpigaji wa salsa huachia mlio wa wazi kwenye nne na nane, pale pale miguu yako ilipotulia. Nyie wa Tanga, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, sikio hilo mnalo: rumba ya Kongo iliyolisha dansi letu ilichota sana kwenye santuri za Kuba. Ukisikia mlio wa nne, jua tano inakuja. Ukitegemea kuhesabu kwa mdomo tu, utachelewa.

Usijifunzie ufukweni, mchanga unashika mguu. Tafuta sakafu ya saruji laini iliyofagiliwa. Raba zenye meno zinang'ang'ania, kwa hiyo vaa viatu vya soli ya ngozi, au vuta soksi juu ya raba.

Na mwambie huyo mwenzako, kwa upole, asikukoroge kama uji. Mkono ukae juu kidogo ya paji lako la uso, vidole vilegee ili viganja vipate kuzunguka. Akivibana, bega lako litalipa. Naye asisimame kukutazama. Wakati unageuka, yeye anakanyaga tano nyuma kwa kulia, sita kushoto, saba kulia.

Ukiwa peke yako nyumbani, weka mikono kiunoni, zima muziki, fanya hatua ya tano tu: kanyaga, geuka nusu, simama juu ya mguu wa kushoto. Ukiweza kutulia hapo bila kushika ukuta, ongeza sita na saba. Mgeuko wa mara mbili uache kwanza.