Picha Niliyotuma Mbona Haionekani?

Nimepiga picha nane za kontena iliyobonyea, nikazipachika katikati ya maelezo: mlango, kona, sili iliyokatika. Mteja wangu Nairobi anasema picha zote zimejazana chini ya barua, hajui ipi ni ipi. Nimekosea wapi? – Wakala wa forodha, Kilindini

Hujakosea. Barua pepe husafiri vipande vipande, na kila kipande kina lebo yake. Utaratibu huo unaitwa MIME, nao umekuwapo tangu 1992. Lebo ya picha inaweza kusema “nionyeshe humu ndani” au “niweke kando niwe kiambatisho”. Picha uliyoipachika hupewa pia kitambulisho, na maandishi ya HTML (lugha inayopanga maandishi na picha kwenye barua) hukitaja pale picha inapotakiwa kukaa. Sasa, mteja akiwa ameiwekea programu yake isome maandishi matupu, HTML haisomwi, na hapo picha hazina pa kushikia. Zinaangukia chini. Lebo ni ombi tu. Neno la mwisho ni la programu ya anayepokea, na huko huna mkono.

Kwa mambo ya bima, basi, usitegemee mpangilio wa ndani ya barua. Zipe faili majina: 01-mlango, 02-kona, 03-sili, kisha kwenye maelezo andika “tazama 03”. (IMG_2047 haimwambii mkadiriaji chochote.) La sivyo, ziweke zote na maelezo yake kwenye PDF moja. Mimi ningefanya hivyo, kwa sababu hakuna programu ya barua itakayoipangua.

Kikomo cha seva ya mteja ni MB 25. Nimetuma picha za harusi za MB 22, barua ikanirudia. – Mpiga picha, Kongowea

Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi, kwa hiyo picha hugeuzwa herufi kwanza: kila baiti 3 huwa herufi 4. MB 22 zako zilifika mlangoni zikiwa zaidi ya 29. Ukiambiwa kikomo ni 25, hesabu 18. Picha za harusi hata hivyo zipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni, utume kiungo.

Nembo ya hoteli iliyo kwenye sahihi yangu huwafikia wageni kama kiambatisho, image001.png. Mmoja aliniuliza kama ni risiti. – Mapokezi, Shanzu

Ni yale yale ya kontena: nembo nayo ni kipande, na baadhi ya programu huihesabu kama kiambatisho kila unapojibu. Mwombe meneja sahihi iwe maandishi tu: jina, cheo, simu. Najua hatapenda.

Barua za matangazo huja na visanduku vitupu na maneno “onyesha picha”. Za wanangu hufunguka zenyewe. Kuna nini? – Mwalimu mstaafu, Mji wa Kale

Shikamoo, Mwalimu. Picha za wanao zimo ndani ya barua. Zile za matangazo hazimo. Barua ina anwani ya picha tu, na programu hulazimika kuzifuata kwenye seva ya aliyetuma. Ikienda huko, mwenye seva anajua barua imefunguliwa na saa ngapi, pengine hata anwani ya mtandao unaotumia. Wengine hutia picha ya nukta moja isiyoonekana, kwa kazi hiyo tu. Gmail tangu Desemba 2013 huzipitisha picha hizo kwenye seva zake, hivyo anwani yako hufichika, ingawa kufungua kwenyewe kunaweza kujulikana bado. Kama humjui aliyetuma, viache visanduku vitupu.

Mpwa wangu aliye Uingereza hunitumia picha za mtoto kutoka iPhone. Kompyuta ya dukani haizifungui, na zikifunguka mtoto amelala ubavu! – Mama wa Likoni

Mama, hayo ni mawili. Tangu iOS 11 ya 2017, iPhone huweza kuhifadhi picha kwa fomati iitwayo HEIC, ambayo kompyuta nyingi za zamani haziijui. Mpwa aingie kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile ya pili, inayotoa JPEG, fomati ya picha ya kawaida.

Kulala ubavu kunatokana na simu kutoigeuza picha yenyewe. Huiandikia tu maelezo kwamba igeuzwe inapoonyeshwa, na programu isiyoyasoma huiacha ilivyo. Ifungue kwenye programu ya kuhariri picha, izungushe, uihifadhi upya.