Maswali yenu: LSU ya 2019, timu ya msimu mmoja

Hivi karibuni niliandika, tena kwa kupita tu, kwamba timu bora ya chuo niliyowahi kuiona kwenye futiboli ya Kimarekani ni LSU ya mwaka 2019. Nikadhani nimejisemea mwenyewe. Kumbe wapo wenzangu! Maswali ni mengi, nimeokota haya.

LSU ndiyo nini, na pointi zinahesabiwaje? Nikiona 46-41 nadhani ni kikapu. (Msomaji, Morogoro)

LSU ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kiko Baton Rouge, kando ya mto Mississippi. Uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 102,000, na wanaocheza pale ni wanafunzi.

Pointi sasa. Ukifikisha mpira kwenye eneo la mwisho la mpinzani ni tachidauni, pointi 6. Hapo unapiga teke upate 1 ya nyongeza, au ukijiamini unajaribu kuuingiza tena upate 2. Ukikwama njiani unaweza kupiga teke mpira upite katikati ya milingoti, pointi 3. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inaanza upya, ikishindwa mpira ni wa wenzao. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira na kuamua aurushe, ampe mkimbiaji, au atoke nao mbio mwenyewe. Yadi ni pungufu kidogo ya mita. Yanakutosha hayo.

Burrow walimnunua shilingi ngapi kutoka Ohio State? (Msomaji, Temeke)

Hata senti. Hawa ni wanafunzi, hakuna ada ya uhamisho. Joe Burrow, kwotabeki wa LSU ile, alisugua benchi chuo cha Ohio State misimu mitatu, akachukua shahada yake, na mwaka 2018 alipoona namba bado haipati akafunga virago kwenda Louisiana. Msimu wa kwanza alikuwa wa kawaida tu, tachidauni 16 za kurusha. Wa pili akarusha 60, yadi 5,671, na pasi zilizodakwa na wapinzani zikawa 6 msimu mzima.

Baba yake, Jimmy, alikuwa kocha wa ulinzi katika Chuo Kikuu cha Ohio (kingine hiki, si Ohio State). Alistaafu kabla ya msimu huo ili asikose mechi za mwanawe. Mzee alijua kitu.

Na kocha, Ed Orgeron, naye alikuwa mtu wa kukataliwa. Alifukuzwa chuo cha Ole Miss mwaka 2007. Mwaka 2013 akaishika timu ya chuo cha USC kwa muda, akashinda mechi nyingi, kazi wakampa mwingine. LSU nako alianza kama kaimu mwaka 2016. Ni mwenyeji wa huko kwenye mabwawa ya kusini mwa Louisiana, na sauti yake inakwaruza kama mtu aliyekesha akipiga mnada wa samaki. Mimi timu hii niliipendea hapo: kwotabeki aliyekosa namba na kocha aliyenyimwa kazi.

Mtu hageuki hivihivi kutoka 16 hadi 60. Walimfanyia nini? (Msomaji, Nairobi)

Walibadilisha namna ya kushambulia. LSU miaka yote ilijulikana kwa kukimbiza mpira katikati ya msongamano, kusukumana, kupata yadi tatu, kusukumana tena. Novemba 2011 waliifunga Alabama 9-6 baada ya muda wa nyongeza, mechi nzima bila tachidauni hata moja. Raha yao ilikuwa hiyo.

Mwaka 2019 akaletwa kijana aitwaye Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya ligi ya kulipwa, hata miaka 30 alikuwa hajafikisha wanamchukua. Akasaidiana na Steve Ensminger, mkuu wa mashambulizi, kuutanua mchezo. Wapokeaji wa pasi wakapangwa kuanzia mstari wa pembeni hadi wa pili, watano kwa mpigo, na ulinzi ukalazimika kutawanyika. Ulinzi ukitawanyika, mwenye jicho kama Burrow anaona nani yuko peke yake kabla mpira haujamfikia mkononi. Ja'Marr Chase akadaka pasi za yadi 1,780, Justin Jefferson yadi 1,540. Wote wawili timu moja, msimu mmoja! Beki akiegemea huku, kule kunawaka moto.

Nina nafasi ya kutazama mechi moja tu ya marudio. Ipi? (Msomaji, Muscat)

Wengi watakwambia ya nusu fainali dhidi ya Oklahoma, 63-28, Burrow alirusha tachidauni saba kabla ya mapumziko. Usiihangaikie, ile haikuwa mechi. Tazama Alabama, Novemba 9, kule Tuscaloosa. Kwetu ilianza saa tano na nusu usiku, nami nilijidanganya kwamba nitaona nusu ya kwanza nilale.

Kwanza ujue kisasi. Tangu zile 9-6, Alabama ilikuwa imeifunga LSU mara nane mfululizo, ikiwemo fainali ya Januari 2012, 21-0, tena New Orleans, jimboni kwao LSU. Watoto wa Louisiana walikua hawajui ladha ya kumfunga huyu mtu.

Mapumziko LSU wakaenda wakiongoza 33-13. Ningelala. Lakini Alabama wakaanza kurudi: 33-20, kisha 33-27. LSU wakafunga, Alabama wakajibu, 39-34. Hapo ndipo unapomwona Clyde Edwards-Helaire. Ni mkimbiaji mfupi, kwa urefu ni mtu wa kawaida wa mtaani kwako, ila ana mapaja kama vinu. Kila mmoja uwanjani anajua mpira atapewa yeye, na bado anapita. Mtu anamkumbatia kiunoni, anazunguka. Wa pili anamvaa miguuni, anaburuza. Namna ile ile ya zamani, ya kusukumana, ndiyo iliyowavusha usiku ule. Alifunga mara nne. Ikawa 46-34, Alabama wakarusha pasi moja ya yadi 85, ikawa 46-41, nikasimama peke yangu sebuleni kama chizi. Alabama wakapiga teke la kuanzia upya wakitaka wauokote wenyewe, LSU wakaudaka wao, mchezo ukaishia hapo. Burrow akabebwa mabegani.

Ukipata muda wa ziada, tafuta kipande cha Texas cha Septemba. LSU wanaongoza 37-31, zimebaki chini ya dakika tatu, ni jaribio la tatu na wanahitaji yadi 17. Timu yoyote yenye adabu ingekimbiza mpira ili saa iende. Texas wanamrukia Burrow watu kibao, anasogea mbele hatua moja katikati yao, anamrushia Jefferson, na Jefferson hasimami mpaka yadi 61 zimekwisha. Mechi ikaisha 45-38.

Unaisifu kupita kiasi. Miami ya 2001 ingewala hao. (Msomaji, Houston)

Kaka, nakuheshimu, na safu ya ulinzi ya chuo cha Miami ile siibishii. Ya LSU ilivuja: Vanderbilt waliwafunga 38, Ole Miss 37. Lakini Miami walicheza mechi 12 na LSU walicheza 15, wakashinda zote, wakafunga jumla ya pointi 726. Saba kati ya walioangushwa walikuwa ndani ya kumi bora za vyuo nchini siku walipokutana: Texas, Florida, Auburn, Alabama, Georgia, Oklahoma na Clemson. Auburn ndiyo iliyowabana kuliko wote, 23-20. Nitajie timu nyingine iliyopita kwenye tanuri hilo.

Ni kweli fainali wachezaji waligawiwa pesa uwanjani? (Msomaji, Mombasa)

Kweli. Januari 13, 2020, New Orleans, LSU wakaifunga Clemson 42-25 baada ya kuwa nyuma 17-7. Clemson walikuwa wameshinda mechi 29 mfululizo. Kwetu ilianza saa kumi na kitu alfajiri ya Jumanne, nikaenda kazini bila kulala. Baada ya kipenga Odell Beckham Jr., mchezaji wa zamani wa LSU, alionekana akiwatia wachezaji noti mkononi. Wakati ule mwanafunzi alikuwa harusiwi kupokea kitu kama hicho, na chuo kilimpiga marufuku kwenye majengo yake ya michezo miaka miwili. Julai 2021 wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo na majina yao. Burrow alishaondoka. Angekuwa tajiri kabla ya kuondoka chuoni.

Hotuba yake ya tuzo inatajwa sana. Alisema nini? (Msomaji, Arusha)

Desemba alipopewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alilia kidogo, kisha akataja watoto wa kwao Athens, kusini mashariki mwa Ohio, wanaorudi nyumbani kutoka shule na mezani hakuna chakula cha maana. Ilikuwa sentensi chache tu. Mtu mmoja wa huko akaanzisha mchango kwa ajili ya ghala la chakula la wilaya, na zikapita dola 500,000. Nimesikia hotuba nyingi za wanamichezo, karibu zote wanamshukuru Mungu na wakala. Hii naikumbuka.

Kwa nini hawakurudia mwaka uliofuata? (Msomaji, Bujumbura)

Nani angerudia? Wachezaji 14 waliitwa kwenye uteuzi wa ligi ya kulipwa mwaka 2020, watano raundi ya kwanza, Burrow wa kwanza kabisa. Brady akaenda Carolina Panthers ya ligi ya kulipwa, mkuu wa ulinzi Dave Aranda akachukuliwa na chuo cha Baylor. Chase akaamua kutocheza msimu wa korona. LSU ikashinda 5, ikapoteza 5. Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba Orgeron ataondoka mwisho wa msimu.

Mwanangu anauliza kama kweli wana mnyama hai. (Msomaji, Tanga)

Mwambie kweli, mama. Ni chui milia, anaitwa Mike, huyu ni wa saba kwa jina hilo. Ana banda lake kubwa lenye miti na bwawa, mkabala na uwanja, na siku ya mechi watu wanapanga mstari kwenye kioo kumwangalia. Mara nyingi yeye amelala.