Seti ya spana ya bei chee, ninunue?

Kaka, umeuliza kama seti ya vipande 100 ya bei chee itakutosha kuhudumia Toyota yako nyumbani. Mimi ningeiacha. Kwenye Toyota utashika zaidi spana za saizi ya milimita 10, 12, 14 na 17, na 21 kwa nati za magurudumu. Vingine vitalala tu kwenye boksi. Nunua soketi (spana za kikombe zinazovikwa juu ya nati) za saizi hizo chache, imara, zenye pembe 6 ndani, maana zinaikamata nati vizuri. Za pembe 12, tena za chuma laini, hula kona za nati iliyoshika kutu. Yalinikuta kwenye breki, nikaishia kwa fundi wa kuchomelea. Bisibisi za kawaida, sawa, okoa hela. Ila jeki na stendi (vyuma vya kulishikilia gari likishainuliwa) usibahatishe, na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.