Kaka ametuhumiwa: usiende kwa wazazi wa mtoto

Pole sana, dada wa Igoma, Mwanza. Unasema kaka yako, mwalimu wa tuisheni, anadaiwa kumfanyia vitendo vibaya binti wa miaka sita, majirani wanataka kumpiga, na unauliza kama uende kwa wazazi mkayamalize kifamilia.

Usiende! Itaonekana unatisha au unanunua ukimya. Kaka ajipeleke polisi leo, kabla umati haujamfikia, na aombe wakili kabla ya kutoa maelezo. Kwa wasio na uwezo kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Mtoto naye asikilizwe mapema: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), daktari. Ninachokiogopa ni maswali ya mama, shangazi na mtaa mzima: "Alikushika hapa, eti?" Mtoto mdogo akiulizwa hivyo tena na tena, anaweza kujibu anachohisi mkubwa anakitaka, kisha akakiamini. Maswali ya namna hiyo yaliiharibu kesi ya shule ya awali ya McMartin huko California, iliyozuka 1983 na kuisha 1990 bila yeyote kutiwa hatiani. Sheria yetu ya Ushahidi hapa Tanzania inaruhusu mtu kufungwa kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Ni kinga nzuri, na naiunga mkono. Ndiyo maana ushahidi huo usichafuliwe na yeyote, wa kwenu wala wa kwao.

Wewe hukuwepo chumbani, dada, kwa hiyo msimamie kaka bila kumwita mtoto mwongo. Ratiba ya vipindi, meseji, majina ya waliokuwepo siku hiyo: andikeni sasa, mumpe wakili.